Maelezo Kuhusu Watumishi wa Taaluma katika Soka ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Kijana anayepata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu cha Marekani kwa udhamini wa mpira wa miguu hutia saini karatasi nyingi kabla ya kuvaa jezi. Wazee wake kwa kawaida hulijua jina la kocha tu, kwa kuwa kocha ndiye aliyeandika barua na ndiye aliyepiga simu. Inapasa ieleweke, hata hivyo, kwamba katika vyuo hivyo kocha hana kauli ya mwisho juu ya nani acheze na nani akae nje. Kauli hiyo imo mikononi mwa watu ambao pengine hawajapata kuupiga mpira maishani mwao: msajili wa chuo, ofisa wa kanuni, mshauri wa masomo, ofisa wa wanafunzi wa kigeni na mhadhiri wa somo. Maelezo haya yanahusu kazi za watu hao, mipaka ya madaraka yao, na yale yaliyopata kutokea pale mipaka hiyo ilipovukwa.

Michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani husimamiwa na vyama kadhaa. Kikubwa kuliko vyote ni NCAA, kilichoundwa mwaka 1906, na ambacho tangu mwaka 1973 kimegawa vyuo wanachama wake katika madaraja matatu. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi udhamini wa michezo hata kidogo. Jambo hilo peke yake lingefaa kujulikana na kila mzee anayeletewa habari za nafasi huko. Yanayoelezwa hapa yanahusu zaidi Daraja la Kwanza, ambako soka ya wanaume imekuwa ya kimataifa kwa kiasi kikubwa. Chuo Kikuu cha Marshall, katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, kilitwaa ubingwa wa taifa tarehe 17 Mei 2021 kwa kuifunga Indiana 1–0, na sehemu kubwa ya wachezaji wake walikuwa wametoka nje ya Marekani.

Mlango wa kwanza ni ukaguzi wa vyeti. NCAA ina kituo chake kinachokagua rekodi za masomo za kila anayetaka kucheza katika Daraja la Kwanza au la Pili. Kwa Daraja la Kwanza hutakiwa masomo 16 ya msingi ya sekondari, yaani miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati, miwili ya sayansi, miwili ya maarifa ya jamii na mengineyo ya kujaliza, na wastani wa alama usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Mitihani ya Marekani ya SAT na ACT, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sharti, iliondolewa katika masharti ya NCAA mwezi Januari 2023, ingawa chuo chenyewe chaweza kuendelea kuitaka kwa ajili ya kumpokea mwanafunzi. Kwa anayetoka nje hutakiwa rekodi za kuanzia mwaka wa tisa wa masomo na kuendelea, pamoja na uthibitisho wa kumaliza. Maana yake ni kwamba cheti cha mtihani wa mwisho peke yake hakitoshi. Ripoti za mwaka, ambazo katika nyumba nyingi huishia kufungia vitu au kuliwa na mchwa, zinahesabika.

Uzito wa karatasi hizo unaonekana vizuri katika kisa cha Chuo Kikuu cha Howard kilichoko Washington. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1867, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tangu hapo kimekuwa miongoni mwa vyuo vikuu mashuhuri vya Wamarekani Weusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kocha wake wa soka alikuwa Lincoln Phillips, aliyekuwa mlinda mlango wa Trinidad na Tobago, na wachezaji wake wengi walitoka visiwa vya Karibi na Afrika. Mwezi Desemba 1971, mjini Miami, Howard iliifunga Saint Louis, bingwa wa mwaka 1969 na 1970, kwa mabao 3–2. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chuo cha Weusi kuchukua ubingwa huo wa taifa.

Ubingwa haukukaa. Ulifanyika uchunguzi, na mwanzoni mwa mwaka 1973 NCAA iliuvua ubingwa huo na kuizuia timu isishiriki mashindano ya mwisho wa msimu uliofuata. Makosa yaliyotajwa hayakuwa ya kufeli darasani. Baadhi ya wachezaji walidaiwa kuingia chuoni bila ya kufanya mtihani wa kukadiria kama wangeweza kupata wastani wa alama 1.6 katika mwaka wao wa kwanza, kama kanuni ya wakati huo ilivyotaka. Wengine walidaiwa kuwa michezo waliyocheza makwao baada ya kutimiza umri wa miaka 19 ilikwisha kula miaka yao ya kucheza chuoni, kwa mujibu wa kanuni iliyowahusu wanafunzi wa kigeni. Yaani mechi iliyochezwa uwanja wa nyumbani, bila ya malipo wala mkataba, ilihesabiwa dhidi ya kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo.

Chuo kilikwenda mahakamani pamoja na mchezaji wake mmoja. Mahakama ya Washington, na baadaye mahakama ya rufaa, iliona kwamba kanuni ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa ya kibaguzi na ikaibatilisha. Ile ya kukadiria alama, kwa upande mwingine, mahakama iliiona halali, ijapokuwa NCAA yenyewe ilikuwa imekwisha kuifuta Januari 1973. Hivyo Howard ilishinda nusu ya kesi, na ubingwa wa 1971 haukurudishwa. Mwaka 1974 timu ilirejea uwanjani, ikashinda michezo yake yote, na katika fainali ikakutana tena na Saint Louis, safari hii katika mji wa wenyeji hao. Mchezo ulikwenda hadi kipindi cha nne cha nyongeza kabla ya Howard kushinda 2–1. Wachezaji waliokwisha kuondoka chuoni kati ya miaka hiyo miwili hawakuipata fidia hiyo.

Ni kutokana na mambo ya namna hii kwamba siku hizi kila chuo kina ofisa wa kanuni. Huyu si mwalimu, na kazi yake haipendezi: huhesabu saa za mazoezi, husoma mikataba, huuliza nani alimlipia mchezaji chakula. Kanuni za NCAA zimeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi na michezo kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Mchezo wenyewe huhesabiwa kuwa saa 3 hata kama timu imesafiri usiku kucha kuufuata, na hapo ndipo hesabu ya karatasi inapoachana na hesabu ya mwili.

Mtu anayekutana na mchezaji mara nyingi zaidi kuliko wote, ukimwondoa kocha, ni mshauri wa masomo. Kila chuo cha Daraja la Kwanza hulazimika kuwapatia wachezaji ushauri wa masomo na walimu wa kuwasaidia, na vyuo vikubwa vina majengo mazima kwa kazi hiyo. Mshauri hupanga ratiba, hufuatilia mahudhurio, huita walimu wa ziada na kuangalia kama mchezaji anakwenda na hatua za shahada. Hatua hizo ni ngumu kuliko zinavyosikika. Mwanafunzi wa kawaida huhesabiwa kuwa wa muda kamili akichukua krediti 12 kwa muhula. Mchezaji wa Daraja la Kwanza atakapoingia mwaka wa tatu hutakiwa awe amekwisha kukamilisha asilimia 40 ya shahada aliyoichagua, atakapoingia wa nne asilimia 60, na wa tano asilimia 80. Asiyetimiza hukaa nje, awe mfungaji bora au vipi.

Kanuni hii iliwekwa kwa nia njema, ili mchezaji asizungushwe miaka minne akichukua masomo yasiyofikia popote. Ina upande wake wa pili. Kijana aliyeanza na masomo ya biashara, kisha mwaka wa pili akavutwa na uhandisi, hugundua kwamba krediti alizokwisha kupata hazihesabiki katika shahada mpya, na kwamba akihama atashuka chini ya asilimia 40. Maabara za fani za sayansi nazo mara nyingi huwa mchana, wakati wa mazoezi. Mshauri anayelipwa na idara ya michezo, na vyuo vingi vimeiweka ofisi yake chini ya idara hiyo, hujikuta akimwambia mwanafunzi abaki alipo. Pengine ni ushauri sahihi. Pengine ni ushauri unaoifaa timu. Vyuo vilivyoihamishia ofisi ya washauri chini ya mkuu wa taaluma vimefanya hivyo ili swali hilo lisitokee kila siku, na yaelekea vimefanya vyema.

Timu nayo hupimwa. Kila mchezaji mwenye udhamini huiletea timu yake nukta moja kwa kubaki chuoni na nyingine kwa kufaulu masharti ya masomo, na jumla hiyo hugeuzwa kuwa alama isiyozidi 1,000. Timu inayoshuka chini ya 930 kwa wastani wa miaka minne yaweza kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu. Chuo Kikuu cha Connecticut, alikosoma na kucheza mpira wa kikapu Mtanzania Hasheem Thabeet kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, kilikuwa bingwa wa mchezo huo mwaka 2011. Mwaka 2013 timu hiyo ya wanaume ilizuiwa kushiriki mashindano kwa sababu ya alama hizo za masomo.

Juu ya mshauri na ofisa wa kanuni yupo mtu mwingine ambaye wachezaji wengi humaliza chuo bila ya kumjua. Katiba ya NCAA inakitaka kila chuo mwanachama kumteua mwakilishi wa wahadhiri katika mambo ya michezo. Sharti lake ni kwamba awe mhadhiri, au kiongozi mwenye cheo cha uhadhiri, na asiwe na kazi yoyote ya ukocha au uongozi katika idara ya michezo. Huyu hutia saini taarifa za chuo kwa NCAA, na mchezaji anayeona kwamba masomo yake yanakanyagwa ana haki ya kumwendea moja kwa moja bila ya kupitia kwa kocha. Wapo wawakilishi wanaofanya kazi hii kwa bidii, na wapo wanaoiona kuwa ni tiketi ya kukaa jukwaa la wageni. Kijana afanye kumtafuta katika wiki ya kwanza.

Mhadhiri wa somo hana cheo chochote katika soka, lakini alama anayoiandika ndiyo inayosomwa na wengine wote. Kwa desturi, mwanzoni mwa muhula mchezaji humpelekea kila mhadhiri barua ya chuo inayoonyesha tarehe za safari za timu. Vyuo vingi vina utaratibu unaomruhusu mchezaji kufanya jaribio siku nyingine, lakini hautoi ruhusa ya kutolifanya. Kwa wachezaji wa soka jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa msimu wao mkuu umekuwa kwa miaka mingi ni wa vuli, na mijumuiko ya mwisho ya ubingwa imekuwa ikifanyika Desemba, wakati ule ule wa mitihani. Zipo timu ambazo wachezaji wake wamefanya mitihani hotelini chini ya usimamizi wa mshauri aliyesafiri nao.

Uhuru wa mhadhiri huyo kuandika alama anayoiona ni ya haki uliwahi kufikishwa mahakamani. Katika Chuo Kikuu cha Georgia, Jan Kemp alikuwa mwalimu wa Kiingereza na mratibu katika programu ya kuwainua wanafunzi waliofika chuoni na msingi dhaifu. Wachezaji tisa wa futiboli ya Kimarekani waliofeli Kiingereza katika programu hiyo walipitishwa kuingia masomo ya kawaida ya chuo, na wakapata kucheza mchezo mkubwa wa Januari 1982. Kemp alipinga, na baadaye akaondolewa kazini. Alikishitaki chuo, na Februari 1986 mahakama iliamuru alipwe zaidi ya dola milioni 2.5, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa. Alirudishwa kazini, na rais wa chuo akajiuzulu mwaka huo huo. Huo ni mchezo mwingine, wala si soka, lakini kanuni na ofisi ni zile zile.

Kisa cha Chuo Kikuu cha North Carolina ni kizito zaidi, kwa kuwa huko hapakuwa na mwalimu aliyefukuzwa. Wengi walikuwa kimya tu. Kuanzia mwaka 1993 hadi 2011 idara moja ya chuo hicho iliendesha masomo yasiyokuwa na mihadhara wala mikutano ya darasa. Mwanafunzi alitakiwa kuandika insha moja, na insha nyingi zilisahihishwa na mtumishi wa ofisi asiyekuwa mhadhiri, aliyetoa alama za juu bila ya kuangalia ubora wa kazi. Uchunguzi huru uliotolewa Oktoba 2014 ulikuta kwamba wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita katika masomo hayo, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Baadhi ya washauri wa masomo wa wanamichezo walijua, na waliwaelekeza wachezaji wenye alama hafifu huko huko ili wabaki na sifa ya kucheza.

Mwaka 2015 chombo kinachothibitisha ubora wa vyuo vya eneo hilo kilikiweka chuo chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. NCAA ilipomaliza shauri lake mwaka 2017 haikutoa adhabu kwa masomo hayo, kwa hoja kwamba yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote na si kwa wanamichezo peke yao. Hoja hiyo ilisimama kisheria. Kwa mchezaji aliyeondoka na shahada yenye masomo ambayo hakufundishwa, haikumsaidia kitu, na makombe yaliyobaki kabatini hayakuwa yake.

Kwa kijana anayetoka nje ya Marekani kuna ofisi moja zaidi, na kosa dogo hapo ni kubwa kuliko la kukosa mchezo. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1, kwa kutumia fomu inayoitwa I-20 ambayo hutolewa na ofisa maalumu wa chuo aliyeidhinishwa na serikali. Tangu mwaka 2003 taarifa za wanafunzi hao huwekwa katika mfumo wa kompyuta wa serikali. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akitaka kushuka chini ya krediti 12, hata kwa ugonjwa, lazima apate idhini ya ofisa huyo kabla ya kuacha somo. Kocha hawezi kuitoa, wala daktari wa timu. Masomo ya mtandaoni nayo yana kikomo: katika krediti zinazotakiwa kwa muhula, ni somo moja tu la aina hiyo, au krediti tatu, linaloweza kuhesabiwa.

Kazi za malipo vile vile zimewekewa mipaka. Ndani ya chuo mwanafunzi aweza kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo ni mpaka apate kibali. Tangu tarehe 1 Julai 2021 NCAA imewaruhusu wachezaji kupokea fedha kwa matumizi ya majina na picha zao katika matangazo, na wachezaji wenye uraia wa Marekani wamefaidika. Ruhusa ya NCAA haikuibadili sheria ya viza. Mwenye F-1 anayepiga picha za tangazo la duka kwa malipo aweza kuhesabiwa kuwa amefanya kazi bila ya kibali, na matokeo yake ni kupoteza haki ya kubaki nchini. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni ndiye wa kuulizwa kabla ya karatasi yoyote ya namna hiyo kutiwa saini, hata kama wenzake wote katika chumba cha kubadilishia nguo wamekwisha kutia yao.

Wazee wengi hushangazwa na jambo jingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu rekodi za wanafunzi humpa mwanafunzi wa chuo mwenyewe mamlaka juu ya rekodi zake, na kwa kawaida chuo hakilazimiki kumweleza mzazi alama za mtoto wake bila ya idhini ya maandishi ya mwanafunzi huyo. Idara ya michezo, kwa upande wake, huwatilisha wachezaji saini ya idhini mapema ili ipate kuzisoma. Hivyo kocha hujua kwamba kijana anafeli hisabati mwezi wa Oktoba, na baba yake, aliyeko umbali wa bahari nzima, hajui mpaka mwaka umalizike. Kijana akiandika idhini ya wazee wake siku ile ile anayoandika ya idara ya michezo, tatizo hilo huondoka.

Udhamini wenyewe ukipunguzwa au ukikatwa, mchezaji hutakiwa kuarifiwa kwa maandishi kwamba ana haki ya kusikilizwa. Wanaomsikiliza hawatoki katika idara ya michezo. Ni ofisi ya misaada ya fedha ya chuo au kamati iliyoundwa nje ya idara hiyo. Barua ya namna hiyo huwa na siku za mwisho za kujibu, na anayeiweka chini ya mto kwa huzuni huikosa haki yake.

Barua za mwanzo nazo zina wenyewe wake. Ya kocha ni mwaliko tu. Ya kukubaliwa masomoni hutoka ofisi ya udahili, ya fedha hutoka ofisi ya misaada ya fedha, na I-20 hutoka kwa ofisa aliyekwisha kutajwa. Katika fomu hiyo huandikwa gharama ya mwaka mzima na nani atailipa, na hapo penye nafasi ya familia ndipo pa kutazamwa kwanza. Kwa miaka mingi timu ya soka ya wanaume ya Daraja la Kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya udhamini 9.9, na ya wanawake 14, ukagawanywa kwa kikosi kizima. Kwa hiyo wengi wa wanaume walipata robo au nusu, na salio likabaki kwa wazee. Kuanzia Julai 2025 kikomo hicho kimeondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya uliotokana na suluhu ya mahakamani, na badala yake kikosi kisizidi wachezaji 28. Chuo chaweza sasa kuwadhamini wote 28 kikamilifu, lakini hakilazimishwi kumdhamini hata mmoja wao.